Pumzi ya Tano

Kipimajoto kilisoma nyuzi joto kumi na tisa, na Mchoraji akakigonga kwa ukucha kama mtu anayemwamsha mlevi. Kikabaki palepale.

"Kimeharibika," alisema.

"Au umekosea hesabu, shemeji." Huyo ni Msumari, mdogo wa mumewe, seremala mwembamba aliyekijenga kibanda kile ubao kwa ubao. Akakohoa kile kikohozi chake kikavu cha vumbi la mbao, mara mbili, kama kawaida. "Kiri tu. Mlima hauna masikio."

"Hesabu zangu hazikosei."

Na kweli hazikosei. Mwanamke yule hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, lakini alichokichora kilisimama, na alichokisema kilikuwa kweli. Kibanda alikibuni kwa ajili ya wapanda mlima, huko juu ambako hata nyasi zimekata tamaa. Hakichomi kuni wala mafuta ya taa. Kuta ni mbili za mbao, katikati imeshindiliwa sufu ya kondoo, na joto ni la miili ya wanaolala humo. Hata pumzi zao hazipotei: mvuke hugusa bati la dari, hugeuka matone, hufuata mfereji mpaka kwenye chujio na ndoo, watu wakanywa. Mtu mmoja, nyuzi sita. Wawili, kumi na moja.

Kumi na tisa ni joto la watu sita.

Wao walikuwa wawili, siku ya pili ya majaribio. Theluji ilikuwa imefukia madirisha. Mlango ulifungukia ndani, kama alivyotaka mwenyewe. Walipouvuta, ukuta mweupe ulikuwa umesimama kizingitini kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Wakaurudisha.

Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe; alimwogopea Msumari. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono kabla hawajapanda, akamwambia, "Kaka yake nilikupa moja kwa moja. Huyu nakuazima tu."

"Nitakurudishia mzima, mama."

Na mkuu wa wapagazi, mwanamke mwenye mabega kama kabati, alikuwa amemwonya kuhusu kile kiwanja cha kibanda. "Pale hatupumziki, dada. Tunapita tumeziba midomo. Kuna walioishiwa pumzi, wanatafuta za wenzao." Mchoraji alipandwa na hasira papo hapo. Pale ni tambarare, upepo haufiki, utajenga wapi tena? "Mimi napima upepo," alimjibu, "sipimi hekaya."

"Shemeji, njoo uone," Msumari aliita.

Ndoo ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Watu wawili wangeijaza kwa siku tano, tena kwa shida. Kabla hajafungua kinywa, Msumari alikwishachota kikombe cha bati na kukigugumia chote.

"Tamu," alisema, akijifuta. Kisha akashika koo. "Ila kama mtu kaninong'oneza humu ndani."

"Usinywe tena!" Mchoraji mwenyewe alikuwa bado na chai kwenye chupa yake, hakuwa ameonja hata tone la maji yale.

Hapo ndipo harufu ilipokuja, harufu ya vinywa vilivyofungwa muda mrefu, na nyuma yake sauti, kwanza ndogo kama panya ndani ya sufu, halafu ikawa ndefu, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, ukuta wa kushoto ukivuta wakati wa kulia unaachia, mbao zikitutumka kidogo na kunywea kama mbavu, na Mchoraji akatambua kwamba kile kibanda alichokipima kwa mkono wake, kisichopitisha hata uzi wa baridi, hakikuwa kimefungia chochote nje. Kilikuwa kimewafungia ndani pamoja nacho.

Akaikamata redio ya mawasiliano, akamwita mkuu wa wapagazi. "Dada! Kuna kitu kinapumua ukutani."

Redio ikakwaruza. "Wangapi?"

"Wanne. Joto linasema wanne."

"Mmekunywa maji ya humo?"

"Msumari kanywa."

"Nisikilize vizuri. Tundu la hewa lipo? Likifunguliwa watatoka, hawapendi baridi. Lakini kwanza..."

Mchoraji hakungoja. Maisha yake yote hakuwahi kumngoja mtu amalize. Redio ikaanguka, akapanda benchi, akasukuma kifuniko cha tundu darini kwa mikono miwili. Baridi ikaporomoka.

Pumzi zikatoka. Alizihisi zikimpitia shavuni, vuguvugu, moja moja. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilisitasita, kisha ikaenda. Akashusha mikono, akicheka na kulia.

Ndipo ya tano ikampita sikioni. Ikakohoa. Kikavu, mara mbili.

Redio sakafuni ilikuwa bado inapiga kelele: "...kwanza atapike, dada! Umenisikia? Kwanza atapike!"

Akageuka. Msumari alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, anatabasamu. "Afadhali, shemeji," alisema.

Kulipokucha, tundu limefungwa tangu jana, mbao kimya, kipimajoto kilisoma nyuzi sita.

Wapagazi waliwachimbua saa tatu asubuhi. Mkuu wao alimtazama Msumari mara moja tu, akavuta skafu juu ya mdomo, na hakumtazama tena. Walishuka. Kwenye baridi ile kila mtu alifuka moshi kinywani kama birika, isipokuwa mmoja, na Mchoraji alitembea nyuma yake njia nzima akiomba aone walau ukungu.

Mama mkwe aliwangoja mlangoni. Akamkumbatia mwanawe, akamshika mashavu.

"Mbona baridi hivi?"

"Ni mlima, mama," alisema Msumari.

"Na kile kikohozi?"

"Kimepona."

"Ee, Mungu mkubwa!" Mama akamgeukia mkwewe, macho yamejaa machozi. "Wewe mwanangu husemi uongo. Umenirudishia mzima?"

Nyuma ya bega la mama, Msumari alimtazama, anatabasamu, anangoja na yeye jibu.

"Nimekurudishia, mama."