Vidonge Ndani ya Tarumbeta

Kila asubuhi Penina alikamua ng'ombe, akapika uji, kisha akamsimamia mumewe ameze kidonge. Alimchungulia mdomoni kama anavyomchungulia ndama aliyepewa dawa ya minyoo. Elinami alimeza, akasema, "Tayari, Mama Nice." Penina akaridhika, akaenda zake kwenye shamba la kahawa.

Elinami alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka juzi alikaa siku tano bila usingizi. Alizungumza haraka, akacheka, akalia. Mwishowe alichukua jembe, akaanza kuchimba msingi wa kanisa katikati ya shamba lake. Aling'oa migomba kumi na mmoja kabla majirani hawajamshika. Alilazwa hospitali mjini Arusha wiki tatu, akarudi mtu mpole, na dawa ya kumeza kila siku. Penina aliogopa siku zile zisije zikarudi. Alikilinda kile kidonge kuliko alivyomlinda ng'ombe.

Usharikani kwao, kwenye miteremko ya Meru, Elinami alipuliza lile tarumbeta kubwa kuliko yote, lenye sauti nzito. Kwaresima ilipokaribia, kikundi cha matarumbeta kilianza mazoezi ya Pasaka. Wiki chache baadaye Penina aligundua kwamba mumewe halali vizuri. Maneno yake yalikuwa yanakimbizana. Asubuhi moja alikuta jembe limeegemezwa kwenye mgomba.

Ili kutuliza mawazo, alichukua tarumbeta alisugue. Ndani kitu kikalia. Aliliinamisha juu ya kitanda, vikamwagika vidonge thelathini na vinne, vingine vimeshikana. Kumbe Elinami alivificha chini ya ulimi, kisha akavitumbukiza humo.

Penina hakumgombeza. Alirudisha vidonge ndani, akalifunga tarumbeta kwa khanga, akalibeba mgongoni kama mtoto. Akamwambia mumewe wanakwenda hospitali. Njiani watu wawili walimpa pole kwa mtoto mnene.

Walipofika hospitali, kwenye kliniki ya afya ya akili, walikuta watu wanne wamekaa meza moja: Daktari Lesikar, Muuguzi Marta, Stanley wa ustawi wa jamii, na dada mmoja kijana aliyeitwa Irine. Penina alilaza tarumbeta mezani, akasema, "Shahidi huyu hapa." Vidonge vikabingirika mpaka kwenye chai ya daktari.

Daktari alimuuliza Elinami kama analala.

"Halali," alijibu Penina.

Akamuuliza kama anakula. Penina akasema anakula kidogo. Akamuuliza anajisikiaje. Penina akasema anajisikia vibaya. Elinami alifungua mdomo mara tatu, akaufunga mara tatu. Hapo Irine akaomba azungumze na Elinami peke yake.

Penina hakupenda. Alimvuta Marta pembeni. "Huyu dada hana hata sindano," alinong'ona. "Ataongea tu. Kuongea hata mimi naongea."

"Hilo tumeliona, mama," alisema Marta. Kisha akamweleza taratibu. "Daktari anapima ugonjwa na kuandika dawa. Mimi naangalia kama dawa inamkubali mgonjwa. Stanley anafika nyumbani na kwa majirani. Irine ni mwanasaikolojia, yeye haandiki dawa. Anatafuta kujua mgonjwa anawaza nini, anaogopa nini, na kwa nini anafanya anachofanya. Kisha anamfundisha namna ya kuishi na ugonjwa wake. Tukikaa hapa pamoja, kila mmoja anajazia alichokosa mwenzake."

Penina alikubali kwa mdomo, lakini akaenda kukaa nje, chini ya dirisha la Irine. Dirisha likafunguka. Irine akachungulia, akasema, "Shikamoo, mama," kisha akalifunga vizuri.

Ilipita karibu saa nzima. Walipokutana tena mezani, Irine alisema, "Baba ameniruhusu niwaeleze jambo moja tu. Mengine ni yake." Dawa ilikuwa inamkausha mdomo na kumtetemesha midomo. Alishindwa kushikilia sauti ndefu. Mwalimu wa kikundi alishasema tarumbeta atapewa mwingine.

Elinami akaongeza mwenyewe, macho yakiwa chini. "Nilipougua, watu waliniita yule wa migomba. Nikipuliza, wananiita Elinami."

Penina aliona aibu na huruma kwa pamoja. Miaka miwili alikuwa anamwambia mumewe afungue mdomo, na hakuwahi kumwachia nafasi aseme.

"Bila Irine, mimi ningeandika sindano tu," alisema daktari. "Mzee, dawa ikikusumbua usiiache mwenyewe. Njoo utuambie, tutatafuta njia." Alimpima, akambadilishia dawa. Marta alipanga kumwona kila wiki. Stanley, kwa idhini ya Elinami, alikwenda kuzungumza na mwalimu wa kikundi.

Irine alikutana nao mara kadhaa. Waliandika kwenye daftari dalili za kuangalia: usingizi kupungua, maneno kukimbia, hamu ya jembe. Dalili ikionekana, wafike kliniki mapema. Penina naye alipewa zoezi lake. Mtu akimuuliza Elinami swali, yeye ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema. Penina alisema hiyo ndiyo dawa chungu kuliko zote za hospitali ile. Wiki ya kwanza hakuvuka nne.

Elinami alimeza dawa yake mpya bila kuchunguliwa. Usingizi ukarudi. Jembe likarudi stoo.

Siku ya Pasaka aliketi nyuma ya wenzake na tarumbeta lake. Sauti nzito ilitoka, ikakaa, mabenchi yakatetemeka. Penina alihesabu mpaka kumi na tano, na sauti bado ipo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Baada ya ibada mchungaji alimjia Penina nje ya kanisa. Elinami alikuwa amesimama pale pale, kando yake.

"Mama Nice, mzee anaendeleaje siku hizi?"

Penina alifungua mdomo. Akaufunga. Akahesabu.

"Si huyu hapa, mchungaji," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mchungaji alishangaa kidogo, akamgeukia Elinami. Elinami akajibu taratibu, kwa kirefu, na Penina akamsikiliza mpaka mwisho.