Ndugu wa Kura

"Nimepangiwa ndugu," Gorgo alisema akiingia, akalitupa vazi lake kwenye benchi. "Na huwezi kukisia ni nani."

Lamiska aliacha kusokota sufu.

"Nani, baba?"

"Sopatro wa Mtaa wa Chini!"

Akacheka. Miaka miwili mzee hajacheka, leo anacheka mpaka machozi yanamtoka. Binti akajua hapa pana jambo.

Kwa miaka hiyo miwili mji wao wa Lithaia, mmoja wa miji ya Wagiriki wa Sisilia, ulikuwa umepasuka vipande viwili. Mtaa wa Juu walitaka kuungana na Sirakusa, Mtaa wa Chini wakasema heri wafe kuliko kutawaliwa na watu wa Sirakusa. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa vigae vya mapaa vinavyorushwa barabarani. Watu kumi na mmoja walizikwa, na mmoja wao alikuwa Filoni, kaka yake Lamiska. Siku ya mazishi Gorgo alivunja uchumba wa binti yake na Sopatro. Hakutaka hata kusikia mtu wa Chini akitajwa nyumbani kwake.

Mwisho watu walichoka. Mkutano wa mji ukapitisha kwamba majina ya mahasimu yatiwe kwenye mitungi miwili. Litolewe moja huku na moja kule, waongezwe watatu wasio na upande, na hao watano waape kuwa ndugu maisha yao yote.

"Sasa mbona unacheka, baba?"

"Kwa nini nisicheke? Mimi nina miaka hamsini na nane, yeye ishirini na sita. Mkubwa nani?"

"Wewe."

"Na mdogo humtii nani?"

"Mkubwa wake."

"Ehee! Kesho akishaapa tu, amri yangu ya kwanza: mdogo wangu, usikanyage mtaa huu tena, wala usimtazame binti yangu. Na wewe mwezi ujao unakwenda mji wa Akragasi kuolewa na Deksilo."

"Yule mwenye meno matatu?"

"Ana mashamba. Meno ya nini?"

Lamiska alirudi kwenye sufu yake, lakini uzi ulimkatika mara tatu.

Mchana yaya Sima alirudi kutoka kisimani, akatua mtungi, akatoa kipande cha kigae kwenye kata ya kichwani.

"Chukua kabla sijaonekana. Na umwambie huyo bwana wako, shingo yangu si barabara ya barua."

Maneno yalikwaruzwa kwa haraka: *Kura imenitupa kwa baba yako. Nikiapa, amri yake inanifunga. Nisipoapa, mji unanifukuza. Lamiska wangu, nifanye nini?*

Aliyasoma mara mbili. Kisha akaanza kutabasamu.

"Wee mtoto, umerukwa na akili?" yaya alimwuliza. "Mwenzio anakufa, wewe unachekelea."

"Yaya, unamkumbuka Kleaneta, binti wa mwokaji?"

"Nitamsahauje? Harusi imeshapangwa na mtu wa nje, ndugu wa baba yake akasimama mbele ya watu: huyu ni haki yangu. Akamchukua."

"Kwa nini alipewa?"

"Si kwa sababu mwokaji hakuwa na mtoto wa kiume? Nyumba isiyo na mwana, binti ni wa ndugu wa baba kwanza, ili nyumba isizimike. Wageni wangoje. Hiyo hata mbuzi wa hapa wanaijua."

"Na kesho baba yangu atapata ndugu."

Yaya Sima alijishika mdomo.

"Ee mungu wetu Demetra na Binti yako! Utaolewa na baba yako mdogo?"

"Wa kura, yaya. Wa kura."

"Lakini mzee anaijua hiyo sheria kuliko wewe."

"Anaijua. Ila hajawahi kujihesabu kwamba hana mwana." Sauti ilimshuka. "Mpaka leo akimimina divai jioni anajaza kikombe cha Filoni."

Lamiska alimpenda baba yake, na alijua kitu atakachomfanyia kesho kitauma. Lakini alimpenda Sopatro pia, na Akragasi hakuwa tayari kwenda. Akachukua sindano, akakwaruza upande wa pili wa kigae: *Apa. Ila kwanza mwache yeye aseme kwa kinywa chake kwamba wewe ni ndugu kamili, mwenye haki zote. Halafu mkumbuke Kleaneta.*

Kesho yake mji mzima ulifurika mbele ya madhabahu ya Umoja. Mbuzi mweupe alichinjwa, nyama ikawekwa motoni. Makundi yalipita moja moja, watu waliokuwa wakirushiana vigae wakashikana mikono huku wakitazama pembeni. Ikafika zamu ya Gorgo, Sopatro na wale watatu wao wasio na upande.

"Haya, apeni," mkuu wa mji alisema. "Maneno ya kiapo ni yale yale."

"Ngoja," Gorgo alinyanyua mkono. "Mimi sitaki undugu wa mdomoni. Nataka wa kweli. Huyu kijana awe mdogo wangu kana kwamba tumetoka tumbo moja, kwa wajibu wote. Anitii kama mdogo anavyomtii kaka yake!"

"Na haki je, kaka?" Sopatro aliuliza kwa adabu. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, lakini sauti haikutetemeka. "Wajibu wote, na haki zote?"

"Zote! Unadhani mimi bahili?"

Wakaapa. Lamiska, aliyesimama na wanawake, aliuminya mkono wa yaya mpaka yaya akaguna.

"Sasa, mdogo wangu," Gorgo alianza, akivimba, "amri yangu ya kwanza..."

"Samahani, kaka. Kabla ya amri, nina dai." Sopatro aliugeukia umati. "Kaka yangu anataka kumwoza binti yake kwa mtu wa Akragasi. Mimi ni ndugu wa baba. Kwa sheria ya mji huu, nyumba isiyo na mwana, haki ya kwanza ni yangu. Namdai Lamiska."

Kicheko kilianzia Mtaa wa Chini kikapanda mpaka wa Juu. Kisha watu wakamwona Gorgo usoni, kicheko kikafa.

"Nyumba isiyo na mwana," mzee alirudia polepole, kama mtu anayesomewa hukumu ya mwenzake. "Nyumba yangu?"

Macho yake yalizunguka mpaka yakamkuta binti yake.

"Ni wewe uliyemfundisha."

"Ni mimi, baba." Machozi yalimtiririka lakini hakuinamisha kichwa. "Filoni amekufa. Nilimlilia na wewe. Lakini mimi nipo, na wewe unataka kunipeleka mbali nisionekane."

"Gorgo," mkuu wa mji aliingilia, "ukiukana undugu, mitungi yote inamwagika na tunarudi kwenye vigae. Ukiukubali, dai lake ni halali."

Mzee hakumsikiliza. Alimsogelea Sopatro wakawa pua kwa pua.

"Siku aliyouawa mwanangu ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Umati uliguna. Watu wa Chini walimkonyeza anyamaze.

"Nilikuwa juu ya paa la mfinyanzi," Sopatro aliendelea. "Sikurusha. Ila aliyerusha alikuwa kando yangu, na nilikiona kigae mkononi mwake, wala sikumshika mkono. Kila siku najiuliza kwa nini. Filoni alikuwa rafiki yangu."

Nyama ilianza kuungua na hapakuwa na wa kuigeuza.

"Miaka miwili nimeuliza mtaa wenu mzima," Gorgo alisema hatimaye. "Mlango kwa mlango. Kila mtu aliniambia hakuwepo. Mtaa mzima haukuwepo! Mwanangu alikufa mbele ya nani?"

"Mbele yangu, kaka."

Mzee akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya mahasimu wake wote, na hakuona haya. Sopatro alimshika bega, naye hakuutoa mkono ule. Alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya vazi, akamwita Lamiska kwa kidole.

"Sopatro. Nakupa binti yangu huyu, akuzalie watoto halali."

"Nampokea."

"Sema kwa nguvu. Mtaa wenu una masikio mabovu."

"Nampokea!"

Maneno ya ndoa yalikuwa yametimia. Kwa desturi, ni baba na bwana harusi tu wanaosema, na bibi harusi haulizwi kitu. Lamiska alijipangusa mashavu, akawatazama watu wa Juu, akawatazama watu wa Chini.

"Na mimi nampokea," alisema, na hakuna aliyethubutu kumwambia hajaulizwa.