Jini Aliyesingiziwa

Mashine namba nne ilikuwa imezimwa na waya umechomolewa, lakini asubuhi ile ilikuwa inagonga. Ko. Ko. Ko. Karakana nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Si niliwaambia?" meneja alimnong'oneza mkaguzi wa ubora, karibu atabasamu. "Jini huyo. Ndiye aliyemkata mkono mdogo wako."

Mkaguzi akaitazama fomu ya ajali. Kiwandani walifundishwa kuuliza "kwa nini" mara tano, mpaka wafike kwenye root cause, chanzo halisi cha tatizo. Meneja aliuliza mara moja tu. Jibu: jini. Marekebisho: mganga. Digrii mbili ukutani, ubongo uko likizo!

"Saini, bibie, tufunge faili. Mchana tunaiwasha."

"Atakaa nani pale?"

"Vibarua wamejaa getini. We vipi?"

Mkaguzi alitamani kumtemea mate. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, bandeji hadi kiwikoni, amekuja kusikia wataandika nini juu yake.

Mganga aliyeletwa na meneja akafukiza ubani mbele ya mashine, akaanza: "Toka, ewe uliyemkata binti wa watu."

Kugonga kukakoma. Kisha mganga akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kavu, kama chuma kinachoburutwa sakafuni, tena yenye ghadhabu ya mtu aliyepakaziwa:

"Nimekaa chini ya sakafu hii tangu babu zenu hawajazaliwa, sijamgusa mtu. Nani kaniandika kwenye karatasi yenu? Haya, tuulize vizuri. Kwa nini mkono uliingia?"

Meneja akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Maneno yakapenya vidoleni.

"Mashine haikuwa na kinga ya kuzuia mkono."

"Kwa nini?"

"Niliing'oa. Ilituchelewesha, target ya siku haifikiwi."

"Kwa nini hamkuzuiwa?"

"Karatasi ya ukaguzi... kila asubuhi mkaguzi ameweka tiki: 'Kinga ipo.'"

Shingo ya mganga ikageuka taratibu, ikalia kama ukuni mkavu, na macho yake yaliyogeuka meupe yakampita meneja, yakapita chetezo na moshi uliogoma kupanda, yakapita fomu isiyo na saini, yakaja kutua juu ya mkaguzi, ambaye wiki nzima alikuwa amewalaani wote kasoro mmoja: yeye mwenyewe.

"Kwa nini uliweka tiki, mkaguzi?"

Akauma meno mpaka taya likamlia.

"Dada?" mdogo wake akaita kutoka mlangoni.

Mdomo wa mkaguzi ukaanza kufunguka wenyewe.