Koki ya Chini

Siku ile chumbani walikuwepo Enesi, mumewe Shadrack, mtoto wao Faith wa miezi minane, jirani yao Tumpe anayeuza chumvi ya Ivuna, na mama Rozi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye ndiye aliyewauzia mashine. Hakuwepo mwingine, ingawa kila mmoja wao akiulizwa walikuwa wangapi husita kidogo kabla ya kujibu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kujazia upepo matairi, ya umeme, yenye mtungi mwekundu wa lita hamsini, magurudumu mawili madogo na mpini wa kuivutia. Shadrack aliinunua mwezi wa saba, baada ya mume wa Rozi, marehemu Anania, kuzikwa. Kila asubuhi aliiburuta hadi kando ya barabara ya malori, akachomeka waya kwenye duka la rafiki yake, na kutwa nzima akawajazia upepo madereva wanaosubiri kuvuka mpaka. Jioni aliirudisha nyumbani, mtaa wa Majengo, na kuanzia hapo ilikuwa ya Enesi.

Enesi ndiye aliyeitunza. Shadrack alimfundisha mara moja tu: angalia oili kwenye kile kioo kidogo, kung'uta vumbi la chujio, halafu fungua koki iliyo chini ya mtungi utoe maji. Hewa ikibanwa hutoa maji, alimweleza, na maji yakilala humo hula chuma. Enesi hakusahau hata siku moja. Aliifuta mashine kwa kitambaa laini alichopewa na Rozi mwenyewe siku ile ya kununua, pamoja na sweta ndogo ya mtoto ambayo Rozi alisema aliyekuwa akiivaa amekwisha kukua. Enesi alimpenda yule mama kwa sweta ile.

Na kwa kuwa mtaani kwao maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, tena kwa kusuasua, hakuwa na moyo wa kumwaga hata yale ya kwenye mtungi. Aliyakinga kwenye kopo, yenye rangi ya chai na oili juu yake, akayanyunyiza kizingitini ili kutuliza vumbi. Kila jioni, kwa muda wa wiki tatu.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Jumatatu moja Shadrack hakwenda kazini, alikuwa na mafua, na mashine ilikaa kutwa nzima uani bila kuwashwa. Jioni Enesi akafungua koki kama kawaida. Maji yakatoka, na yalikuwa ya vuguvugu. Alipoinamisha uso akasikia harufu anayoijua vizuri, ile ya kinywa cha mtoto aliyetoka kunyonya.

Aliyanyunyiza kizingitini, akaingia ndani kupika.

Kesho yake kizingiti kilikuwa bado kibichi. Jua la Agosti lilikuwa limekausha mpaka matambara ya deki kwenye kamba, lakini pale mlangoni palikuwa na alama ya ubichi, ndefu kama mtu aliyelala kiubavu. Enesi akaweka majivu. Majivu yakalowa. Halafu ukaanza mlio, ssss, kama wa koki isiyokazwa vizuri, na Enesi akatoka kuikaza, akakuta imekazwa, akarudi ndani na kugundua kwamba mlio hautoki uani. Unatoka chini ya kitanda cha Faith.

Ijumaa mtoto alianza kupumua vibaya. Alikuwa akivuta pumzi ndefu kuliko kifua chake, anaibana, anakaa nayo huku macho yameduwaa, halafu anaiachia kidogokidogo, ssss, na pumzi ile ilinuka kutu. Walimpeleka zahanati. Nesi aliwapokea vizuri mno, akamfunua mtoto taratibu, akapasha moto kile chombo cha kusikilizia kwa kiganja chake kabla ya kukigusisha kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. Kifua ni safi, alisema. Na ni kweli, kule Faith alipumua kama mtoto yeyote na kumchekea nesi. Walirudi wakishukuru. Enesi alipoinua mguu kuruka kizingiti, mtoto akavuta pumzi ndefu.

Enesi akarudi nyuma hatua tatu. Mtoto akatulia. Akasogea tena mbele, mtoto akavuta.

Hakuingia. Aliomba hifadhi kwa Tumpe, nyumba ya pili, na Tumpe hakuuliza maswali, aliondoa magunia yake ya chumvi kwenye kona yenye joto akatandika hapo godoro. Alipoelezwa habari zote alitania, kwa sauti ya chini, kwamba yeye huwa haogopi majini bali wateja wanaokopa. Lakini usiku ule alizungushia godoro chumvi. Walilala salama siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili, saa nane mchana, watoto wakicheza mpira njiani na redio ya jirani ikitangaza vifo, chumvi iliyokuwa upande wa mlango ikalowa mbele ya macho yao, ikayeyuka na kuacha njia nyembamba ya maji hadi godoroni, na Faith akavuta pumzi.

Safari hii hakuiachia.

Enesi alimbeba mbio hadi nyumbani kwao, Tumpe nyuma yake, maana hakujua mahali pengine pa kukimbilia. Shadrack alikuwa uani ameinama juu ya mashine. Ilikuwa haijachomekwa, koki zake zote zilikuwa wazi, mtungi mtupu, na bado mshale wa geji ya kupimia upepo ulikuwa unapanda. Enesi alipofika karibu, kifua cha mtoto kikajaa zaidi, na mshale nao ukapanda zaidi, vikaenda sambamba, kifua na mshale, mpaka Shadrack akaketi chini kwenye vumbi.

Hapo ndipo aliposema lile alilolificha. Siku ya kununua, Rozi alimshika mkono akamsihi asifungue koki ya chini, kamwe. Yeye alimwitikia kwa heshima, kisha akacheka njiani. Fundi gani asiyetoa maji? Hakuona haja hata ya kumweleza mkewe.

"Nilidhani ni maneno ya mtu asiyejua mashine," alisema. "Nisamehe, mama Faith."

"Mpigie," Enesi akamjibu. "Utaomba msamaha baadaye."

Rozi hakuuliza kitu kwenye simu. Alivuka mpaka kwa bodaboda, na katika nusu saa aliyotumia njiani Faith aliachia ile pumzi na kuvuta nyingine mara tano tu. Enesi alihesabu. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

Yule mama alifika na kitenge kimoja begani. Alimtazama mtoto, akaitazama ile sweta aliyovaa, machozi yakamtoka, lakini hakusimama kulia. Aliagiza mashine iingizwe chumbani na koki zote zifungwe. Huku wakiiburuta, aliwaambia kwa kifupi. Mumewe Anania aliwahi kuitwa kwenye yadi ya malori yaliyokufa, kujaza upepo tairi la lori lililokaa miaka saba bila kuguswa. Mashine huvuta hewa ya pale ilipowekwa. Ilivuta ya pale, na kilichokuwa kikikaa ndani ya lori lile kikavutwa nayo. Tangu hapo Anania alijua kwamba upepo ukitoka kwenye bomba kitu chenyewe hubaki mtungini, kwa sababu kinalala kwenye maji. Kwa hiyo hakutoa maji. Mara moja tu alisahau, na kikamwingia mdogo wake. Walikirudisha kwa kukivuta tena.

"Nilimwambia mumeo asifungue," Rozi alisema. "Sikumwambia sababu, maana asingenunua. Nilichoka kulala nacho nyumba moja, mwanangu. Kosa ni langu."

Enesi hakuwa na nafasi ya kumkasirikia. Aliuliza afanye nini.

Walichomeka waya, wakatoa kifuniko cha chujio, tundu la kuvutia hewa likabaki wazi, wakalielekeza kwa mtoto, kiasi cha shibiri moja. Rozi akaeleza kwamba kile kitu huingia mtoto anapovuta na hutoka anapoachia, na katikati kuna kitambo kifupi sana kinapokuwa nje. Mashine iwashwe hapo. Ikiwashwa kabla, pumzi ikiwa bado kifuani, itaondoka na pumzi yenyewe pamoja na mwenye nayo. Hakuna ajuaye pumzi za mtoto kuliko mama yake. Enesi aweke kiganja kifuani, na akisema sasa, Shadrack awashe.

Tumpe alifunga mlango. Shadrack alipiga magoti karibu na swichi. Chumba kikajaa harufu ya kutu na maziwa, na ule mlio wa chini ya kitanda ukakatika, ikawa kimya, kimya cha kitu kinachosikiliza. Kifua cha Faith kilikuwa kimejaa chini ya kiganja cha Enesi, kigumu kama tairi, hakipandi wala hakishuki, na moyo wake mdogo uligonga haraka, kisha polepole, kisha polepole zaidi, na Enesi alitaka kupiga kelele na hakuthubutu, alitaka kuomba na maneno hayakuja, aliangalia tu ile midomo ya zambarau akingoja ifunguke, akijua kwamba akikosea hatapata nafasi nyingine, na akingoja sana hatakuwa na wa kumngojea.

"Sasa," ikasema sauti ya Enesi.

Shadrack alinyoosha mkono. Tumpe, aliyekuwa amesimama mbele ya Enesi akimtazama usoni, aliona kwamba midomo ya Enesi haikusogea. Alimrukia Shadrack na kumlalia mkono kwa uzito wake wote, wakaanguka pamoja.

"Si yeye," alinong'ona. "Si yeye aliyesema."

"Sasa, baba Faith," sauti ikarudia, kwa upole uleule ambao Enesi hutumia anapomwamsha mumewe alfajiri. Ilitoka kwenye kinywa cha mtoto, na midomo ya mtoto ilikuwa imefumbwa. "Mbona huwashi? Mtoto anakufa."

Shadrack alijinasua, akarudi kwenye swichi bila kuigusa. Alimtazama mkewe na mkewe akatikisa kichwa, na sauti ikaendelea kumbembeleza, ikamwita kwa jina la utani ambalo hakuna mtu mtaani aliyelijua, ikalia, ikamlaumu kwamba hampendi mwanawe, na yote hayo ilisema kwa kinywa kilichofungwa huku chumba kikizidi kuwa na unyevu, maji yakitiririka ukutani, yakitoka sakafuni na kuwalowesha magoti, na Enesi akanyanyua mkono wake wa kulia ili mumewe auone. Hakuna maneno tena. Mkono ukishuka, awashe. Shadrack akaelewa, akaukodolea macho ule mkono, akaziba masikio kwa mabega yake kadiri alivyoweza.

Akangoja. Mkono wa Enesi ukachoka, na Rozi akaja nyuma yake akaushika chini ya kiwiko, akauinua pamoja naye, kama wanavyosaidiana wanawake kujitwika ndoo.

Kifua kikalegea. Kidogo tu, upana wa uzi. Pumzi ikaanza kutoka, ssss, ikapita juu ya kiganja cha Enesi, na ilikuwa ya moto, na nyuma yake kikapita kingine, kirefu, kibichi, kizito kama mkono wa mtu mzima. Enesi alikiacha kipite chote. Alingoja mpaka aliposikia kifua kitupu.

Akashusha mkono.

Mashine iliunguruma. Kisha mlio wake ukabadilika, ukawa mzito, kama imemeza kitu kikubwa kuliko koo lake, na taa ikafifia, mtungi ukaruka juu ya magurudumu yake, mshale ukapita alama nyekundu na kugonga mwisho. Maji ya sakafuni yakarudi nyuma kwa mkondo mmoja kuelekea kwenye tundu, yakapanda hewani kama ukungu, yakaingia. Sauti ya Enesi ikasikika ndani ya chuma ikisema subiri, subiri kidogo. Shadrack akazima.

Na Faith akavuta pumzi fupi, yake mwenyewe, akalia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Enesi alimfungulia kifua akamnyonyesha palepale, sakafuni, mbele ya watu wote. Kizingiti kilikuwa kimekauka na kupasuka.

Ndani ya mtungi kitu kiligonga mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Rozi aliufunika kwa kitenge chake, akafunga fundo.

Alisema anarudi nao. Shadrack akapinga, akasema wauchimbie shimo, wautupe mtoni, na Rozi akamjibu kwa uchovu kwamba shimoni kuna maji na mtoni kuna maji.

"Wewe ni fundi," alisema. "Mtungi usiotolewa maji unachukua muda gani kutoboka?"

Shadrack alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Miaka minne, mama. Mitano, ukiupaka rangi."

"Awe, hapana shida, inanitosha," Rozi akasema. "Mimi ni mzee."

Tumpe alimfungia kilo mbili za chumvi ya safari. Enesi alimvua Faith sweta akaitoa, kisha akabadili mawazo, akamvisha tena, akamwinamia yule mama na kumpigia magoti. Shadrack aliiburuta mashine mwenyewe hadi mpakani, akiisukuma polepole kwenye mashimo.

Mama Rozi alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa pili. Watoto wake walitoka Kitwe kuja kumzika, na vitu vyake vyote, pamoja na ule mtungi uliofungwa kitenge, waliviuza kwa jumla siku moja.