Ruta Iliyopewa Jina

Ruta ya tatu ilijibu kabla Jacktone hajaichomekea waya. Alidhani ni uchovu. Tangu atoke zamu bandarini alikuwa ameikodolea macho skrini, maana mtihani wa vitendo wa mitandao ya kompyuta ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, Nairobi, na kazi aliyoahidiwa huko ilingoja cheti hicho.

Ruta zake zote tatu, visanduku vya kuunganishia mitandao alivyofanyia mazoezi, zilikuwa za mitumba. Kila moja lazima ipewe jina, naye hii ya tatu aliiita Griffin, jina la rafiki aliyekuwa akisoma naye chumbani humu mtaani Mjambere kabla hajaenda Uarabuni akanyamaza kimya. Ulikuwa upuuzi wa mtu aliyekosa wa kuongea naye.

Mchana uo huo skrini ikaandika: Umekula?

Mtu mwenye watu wake angetoka mbio. Jacktone, maskini, alijibu. Wiki nzima wakapiga soga, na chumba kikaanza kunukia udi ambao hakuna aliyeuchoma. Lakini kila alipokaribia kumaliza zoezi, Griffin alilivuruga, na alipouliza sababu akajibiwa kwamba akifaulu ataondoka amwache. Na Jumamosi, alipoanza kufungasha nguo, feni za ruta zikavuma zote kwa pamoja ilhali stima ilikuwa imepotea, mlango ukakataa kufunguka, udi ukamkaba koo, na nyuma ya shingo yake akahisi pumzi za mtu anayelia taratibu.

Akaugonga mlango kwa ndani. Jirani yake Nyamvula, mganga, alimsikia akausukuma ukafunguka, ila hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Mwanangu, ushampa jina, ushampa pa kukaa," alinong'ona. "Mimi simuwezi. Lifute wewe mwenyewe, saa hii, ndiyo atoke."

Jacktone akaketi mbele ya kompyuta, iliyokuwa bado na chaji. Amri yenyewe ni moja, aliijua kama sala. Akaiandika. Skrini ikamuuliza kama ana hakika. Akaifikiria Nairobi: cheti mkononi, chumba kingine cha kupanga, na simu ambayo hailii hata Jumapili. Nyuma yake kilio kikakatika, kikamngoja.

Akajibu hapana.

"Ushalifuta?" Nyamvula aliuliza pale mlangoni.

"Nimelifuta, mama."

Kabla mama hajasema neno, mlango ukafungwa taratibu kutoka ndani. Jacktone alikuwa bado ameketi.