Aliyelinda Upande wa Kushoto

Kigoda cha pili kilikuwa na joto. Melkiory alikigusa kwa bahati tu, akitaka kukisogeza afagie nywele zilizobaki chini, kisha mkono ukabaki pale pale huku akijaribu kukumbuka ni mteja gani aliyekikalia. Hakukuwa na mteja. Mvua ilikuwa inainyeshea Nyaishozi tangu asubuhi, barabara imegeuka tope tupu, na mwenye akili zake hatoki nyumbani kwenda kunyolewa siku kama ile. Akajiambia labda ni paka, akaendelea kufagia.

Kigoda hicho kilikaa mbele ya mashine ya gemu, na mashine ndiyo iliyokuwa kero ya mkewe, Evaresta. Nsanzimana, rafiki yake mwendesha bodaboda, ndiye aliyemtafutia kule Murongo, kwa mtu mmoja aliyeivusha kutoka Uganda. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, ya zamani, yenye kioo kilichovimba mbele, vijiti viwili vya kuongozea, na vitufe vyekundu ambavyo kimoja kilikuwa kimepasuka ukingo. Melkiory aliinunua ili wateja wa saluni wasichoke kusubiri. Vijana wakaicheka, wana gemu zao kwenye simu. Aliyebaki kuugua ni mwenye saluni.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa wa ajabu. Kwenye kioo kulikuwa na kilima, chini ya kilima kibanda, na kutoka juu mawe yaliporomoka. Kijitu chekundu kilisimama kulia na koleo, kinayasukuma mawe pembeni yasikifikie kibanda. Kijitu cha bluu kilisimama kushoto, na hicho kilikuwa cha mchezaji wa pili. Ukicheza peke yako cha bluu hakijongei, wewe mmoja unakimbia huku na huku mpaka mawe yanakuzidi, na siku zote yanakuzidia kushoto. Gemu za zamani hazina mwisho wala zawadi. Zina namba tu pale juu, ya mtu asiyejulikana aliyewahi kufika mbali kuliko wewe, na kila ukifa unajiambia mara hii tu, mara hii nimeshaijua. Melkiory, baba mzima mwenye mke na mtoto, alikuwa akijiambia hivyo mara nyingi kwa siku.

Siku ile ya mvua alimaliza kufagia, akaketi kucheza. Alifika pale anapofia kila siku, mawe matatu yakashuka kwa pamoja kushoto, akajua kwisha kazi. Kijitu cha bluu kikainua koleo kikayasukuma.

Angepaswa kuogopa. Ukweli ni kwamba alifurahi, furaha ya mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa muda mrefu halafu akahisi mwingine ameshika upande wa pili. Hakutazama kijiti cha pili wala kigoda. Alicheza, na wa bluu akacheza naye, kwa utulivu, bila kukosea, mpaka namba ya yule asiyejulikana ikapitwa na mashine ikalia kwa shangwe. Hapo ndipo alipoona kwamba kile kitufe kilichopasuka kilikuwa kimemchana dole gumba na damu imechuruzika.

Malezi ni kitu kigumu kukiacha. Kwao Melkiory, mtu hakai na mwenzake bila kumkaribisha kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na mchaichai ikakaushwa. Alikuwa nayo kwenye kopo. Akachukua buni moja, akaibanja, ndani zikatoka punje mbili zilizolaliana kama kawaida. Moja akaitia mdomoni. Nyingine, yenye damu ya dole gumba lake, akaiweka juu ya mashine upande wa kushoto.

"Karibu, ndugu yangu," alisema kwa utani.

Akageuka kufunga dirisha. Aliporudi punje haikuwepo, na saluni nzima ilinuka mchaichai mbichi, uliochanganyika na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Alifunga mlango akaondoka haraka, bado anajichekea. Hakufika mbali. Kwenye ile mashine, ukifa inakuuliza kama unaendelea, inahesabu kutoka kumi kurudi chini, na kila namba ina mlio wake. Melkiory alikuwa amefika kwenye migomba ya jirani aliposikia mlio wa kwanza, si nyuma yake, ndani ya kifua chake. Ulipofika wa nne alishika mti. Ulipofika wa saba pumzi ilikuwa haipiti tena, macho yanaona giza, na miguu yake yenyewe ikamgeuza ikamkimbiza kwenye tope mpaka saluni, mpaka kwenye kigoda, mpaka mkono ukakishika kijiti. Hewa ikaingia.

Tangu hapo akawa mfungwa. Aliweza kuachia kijiti kidogo, afagie, kisha arudi kwenye gemu. Aliweza kwenda msalani. Nyumbani, mwendo mfupi tu kupanda mteremko, hakuweza. Alijaribu kuichomoa mashine kwenye umeme, na kioo kikabaki kinawaka.

Akampigia Evaresta simu kumwambia asimsubiri, ana kazi nyingi.

"Kazi gani, Baba Evelyn?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Si umekula hapa ukamaliza? Umelala chumbani na mtoto."

Melkiory alitazama kioo. Kijitu cha bluu kilikuwa kimesimama kimeinamisha koleo, hakijongei, na mawe yalikuwa yanashuka kushoto bila wa kuyazuia. Alielewa wakati huo huo: wa bluu asipokuwepo kwenye gemu, yuko kwake. Akamwambia mkewe amchukue Evelyn watoke nje ya nyumba. Evaresta akamuuliza taratibu kama amekunywa. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume nyuma yake ikimuuliza anaongea na nani, na ilikuwa sauti ya Melkiory.

Simu ikakatika, naye hakuthubutu kupiga tena, kwa sababu mawe yalikuwa yanaendelea kushuka na sasa alilazimika kulinda pande zote mbili peke yake, kulia kisha kushoto kisha kulia, akijua kwamba akishindwa ile hesabu itaanza kifuani na hakuna wa kuizuia, na akijua vilevile kwamba kila dakika anayoendelea kuwa hai pale kwenye kigoda ni dakika ambayo yule mwingine amekaa kwenye kiti chake, anakula ndizi na maharage ya Evaresta, anampakata Evelyn, anajifunza kicheko chake.

Kulipopambazuka Nsanzimana alimkuta hivyo, macho mekundu, dole gumba limevimba. Alimsikiliza bila kumkatisha. Hakucheka. Aliwasha pikipiki akaenda Igurwa, akarudi amempakia Ma Costansia, mama mkubwa wake Melkiory, ambaye watu humwendea wakisumbuliwa na mambo yasiyotibiwa zahanati. Melkiory alimwamkia bila kuacha kijiti. Bibi yule aliitikia marahaba, akanusa hewa, akataka aelezwe yote. Masimulizi yalipofika kwenye ile punje ya damu, mama mkubwa alikaa chini.

"Umekula nayo omukago, mwanangu," alisema.

Akawaeleza, maana Nsanzimana asili yake ni Rwanda na hakujua kahawa inafanya kazi hiyo huku. Punje mbili za buni moja, zikipakwa damu, wakila wawili wanakuwa ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Mlango wa mmoja ni mlango wa mwenzake, chakula cha mmoja ni chakula cha mwenzake. Padri hawezi kuufungua udugu huo wala mganga. Lakini una sheria. Anayemfanyia mwenzake hila, ile punje aliyoila humvimba tumboni.

"Chakula ni haki yake, hata kama ni jini," alisema Ma Costansia. "Kuvaa sura yako mbele ya mkeo, hiyo ni hila. Nenda ukamshtaki mbele ya Evaresta, ndani ya nyumba yako. Mimi nitakaa hapa na rozari. Kimbia."

Aliachia kijiti. Nsanzimana alikuwa ameshawasha pikipiki, na mlio wa kwanza ulimpata wakiwa wanaingia barabarani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, tope linarusha tairi huku na huku, na Melkiory amemkumbatia rafiki yake kiunoni kama mtoto, anahesabu bila kutaka, sita, tano, pumzi inakuwa nyembamba, nne, akiliona paa la nyumba yake na moshi wa jiko la Evaresta unaotoka kama asubuhi yoyote, na lile likamuuma kuliko kifua, kwamba moshi ulikuwa wa kawaida na nyumba ilikuwa haijui kama imevamiwa. Tatu. Aliruka chini akasukuma mlango.

Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alivaa shati lake la Jumapili. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Evelyn alikuwa magotini kwake anakula kiazi, na Evaresta alisimama kando na chupa ya chai. Wote watatu waligeukia mlango.

"Upepo gani huu unafungua mlango," alisema Evaresta, akaja kuufunga. Alimpita Melkiory karibu kabisa, nusura wagusane, macho yake yanatazama nje kwenye ukungu.

Melkiory alifungua mdomo amshtaki yule mtu. Yule akamtangulia. Hakuinua sauti, na ilionekana Evaresta hasikii, anafuta tu tope lililoingia mlangoni.

"Mimi nilikulindia kushoto," alisema. "Nikala ulichonipa kwa mkono wako, ukaniita ndugu. Mlango wako ni wangu. Wewe umekaa na watu ukawaeleza habari zangu, ukatafuta namna ya kuniua. Nani kati yetu amefanya hila?"

Melkiory alitaka kujibu, na jibu lilikuwepo, lakini ile punje ilikuwa tayari imeanza kuvimba. Aliihisi ikijaa tumboni, ikipanda kifuani, ikiziba koo, huku mlio wa mwisho ukipiga. Kitu cha mwisho alichokiona nyumbani kwake ni Evelyn, ameacha kutafuna, anatazama pale alipokuwa amesimama.

Nsanzimana, aliyebaki kwenye pikipiki, alimwona rafiki yake akitoka mlangoni anatabasamu, ameshika mkono wa mtoto, akadhani amebadili tu nguo zenye tope. Wakarudi wote saluni. Ma Costansia alimshika kichwa kwa mikono miwili, akanusa hewa, ile harufu haikuwepo tena. Akamshukuru Mungu. Mashine ilikuwa imezima. Yule mtu alimwambia mama mkubwa kwamba jini ametoka na hatarudi, akamsindikiza kwa heshima zote, na kibibi kikarudi Igurwa na moyo mweupe.

Mwenye jina lake yuko nyuma ya kioo, upande wa kushoto. Ana koleo. Hakuna mchana huko wala kiu, kuna kilima tu, na mashine ikizimwa kuna giza lenye sauti za saluni ndani yake. Anasikia watu wakimsifu Melkiory kwamba ameacha gemu na amekuwa mtu wa nyumbani. Anamsikia Evaresta akija kuleta chakula cha mchana, sauti yake ina raha ambayo hakuwa ameisikia tangu mashine inunuliwe, na hilo hawezi kulivumilia. Siku moja Evelyn alikuja akaweka kiganja chake kwenye kioo. "Baba," alisema. Wakamcheka, wakamwonyesha baba yake yuko pale na mkasi.

Alipata muda wa kufikiri, na alichokielewa ni hiki: hapa hutoki mpaka mtu akukaribishe. Na ukitoka unatoka kwa sura yake yeye, unaingia nyumba yake yeye. Akajiapia kwamba mtu yeyote akija kucheza, hata iweje, hatainua koleo.

Aliyekuja ni Nsanzimana. Siku ya mvua, abiria hakuna, na kwa kuamini kwamba jini alishatoka, akawasha mashine apoteze muda wakati anangoja kunyolewa. Akafa kushoto. Akacheka, akacheza tena, akafa tena pale pale. Melkiory alisimama ameinamisha koleo, akayaacha mawe yapite. Alimfikiria Uwizeye, mke wa Nsanzimana, aliyempikia uji mara nyingi. Alimwomba rafiki yake kwa moyo wote aamke aende zake.

"Mara hii tu," alisema Nsanzimana, akisogeza kigoda karibu. "Ningekuwa na mtu wa kunishikia kushoto, ningeiweza hii."

Nyuma ya bega lake mlango ulifunguliwa. Evaresta aliingia amejifunika khanga kichwani, anatiririka maji, na yule mtu akaenda akamfuta uso kwa taulo la saluni, polepole, na Evaresta akafumba macho. Hata akitoka na sura ya Nsanzimana, Melkiory alijua, kwa huyu mwanamke ataitwa shemeji, ataletewa kiti, atapewa chai. Atamsikia akimwita kwa mdomo wake. Atakuwa chumba kimoja naye.

Mawe matatu yakashuka kwa pamoja.

Koleo likainuka. Likayasukuma.

Nsanzimana alipiga ukelele wa furaha, na furaha ile ikamsahaulisha yote aliyoyasikia kwa Ma Costansia. Walicheza muda mrefu, bila kukosea, mpaka mashine ikalia kwa shangwe, na yule mtu mwenye mkasi akasogea, akatabasamu kwenye kioo, akaweka kopo la kahawa juu ya mashine. Nsanzimana alitazama dole gumba lake lililochanwa na kitufe kilichopasuka, akanyonya damu kidogo, akafungua kopo.