Ukuta Usio na Mgongo

Jua la Dodoma lilipoanza kushuka, Jumba Pumzi lilishusha pumzi. Vinyweleo vyake, yale matundu madogo ya ukutani, vilijifunga vyenyewe, na joto ambalo udongo ulioshindiliwa ulikuwa umelimeza mchana kutwa likaanza kurudi vyumbani taratibu. Hakuna kuni, hakuna bili. Jumba lilijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya maduka, na baridi ya Julai, iliyozoea kuwagonganisha meno, sasa ilibaki nje ikipiga hodi.

Mhandisi Nyemo Chidawali, aliyelibuni jumba hilo na kuishi ghorofa ya juu kabisa, alishuka hadi ya nne na habari mbaya. Mtambuzi, akili unde ya jumba, alihesabu wakazi kwa joto la miili yao. Chumba kisicholaliwa mwezi mzima alikitoa kwa mwingine, maana foleni ya getini haikuwa ikipungua. Vyumba vitano vilikuwa baridi, na wenyewe walitakiwa kutoka jioni hiyo.

Aliwakuta wote watano wamebanana chumbani kwa Bi Kuruthumu, wakimenya karanga. Bibi huyo alimjua Nyemo tangu akiwa mtoto wa stendi, na uhandisi haukumtisha.

"Karibu, Kamasi," alisema, akimwita kwa jina lake la utani la utotoni. "Naona leo umevaa viatu vya kufukuzia watu."

Nyemo akaeleza. Mzee Chilongani, mmoja wa wale watano, akajitetea kwamba kila mmoja alijaribu kulala kwake. Godoro zuri, ukuta wa moto kama chapati. Shida ni kwamba ukigeuka hakuna wa kukutukana.

"Ukuta wako una joto, mwanangu," Bi Kuruthumu akasema. "Ila hauna mgongo."

Nyemo akayakumbuka maboksi nyuma ya stendi: wamelala mgongo kwa mgongo, mmoja akigeuka wote wanageuka huku wakilaaniana usingizini, na Bi Kuruthumu siku zote upande wa upepo. Joto lile ndilo alilokwenda kulisomea. Alilipima, akalitia kwenye udongo, akasahau lilikuwa la nani.

Akamwagiza Mtambuzi awaandike wote sita chumba kimoja, vile vitano wapewe wa getini. Mtambuzi akakataa. Chumba ni cha mtu mmoja au familia moja. Hawa wana undugu gani?

Karanga zikasimama vidoleni.

"Ndugu wa mgongo mmoja," Nyemo akajibu. "Huna neno hilo. Liongeze."

Mwezi uliofuata Mtambuzi alileta taarifa. Umeme wa taa umetumika kidogo kuliko wakati wowote. Wale wageni watano wamehamia chumba kimoja, vinne ni baridi. Na chumba cha ghorofa ya juu nacho hakijalaliwa, je, kigawiwe?

"Kigawe," alisema Nyemo, ambaye siku hizi alilala kwa Bi Kuruthumu, upande wa mlangoni, unakopita upepo.